Keria ya Baiskeli Moja

Nafula binti yangu,

Uko kwa Mama Shiru unasukwa, na kwa jinsi nywele zako zilivyo nyingi sikutarajii kabla ya magharibi. Mizigo yako iko tayari. Godoro nimelikunja na kulifunga kwa kamba ya nailoni, vyombo viko kwenye lile karai kubwa, na vitabu nimevitia katika magunia mawili madogo badala ya moja kubwa, kama ulivyoniambia. Sasa sina la kufanya. Nimezunguka humu ndani mara mbili, nikaenda kusimama kwenye veranda nikatazama watoto wa jirani wakicheza mpira, nikarudi nikaketi mezani. Nyumba imenyamaza kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea, na wewe hata hujaondoka.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wala kuanika nguo mapema. Una miaka ishirini na mitatu, na mama yako unayekwenda kuishi naye anayajua hayo kunishinda. Nataka kukuandikia habari za keria, ile ya kubebea baiskeli nyuma ya gari. Najua tulikwisha kuizungumza, lakini tuliizungumza nusunusu, kama tunavyozungumza mambo yote mimi na wewe, mmoja akiosha vyombo na mwingine akivipangusa. Kuna vitu sikuvisema. Kesho tutakuwa barabarani kutwa nzima, na unanijua nikishika usukani: nitakuwa nalaumu malori tu mpaka Eldoret. Kwa hiyo acha niandike.

Unakumbuka ile Jumapili uliporudi na barua ya kazi. Kituo cha afya huko Webuye kimekuchukua uwe afisa wa lishe, uzunguke vijijini ukiwapima watoto na kukaa na mama zao. Ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni pako kwa muda mrefu. Ukasema utaishi kwa mama yako, kwa sababu ni karibu na kituo. Kisha ukasema huku ukila, "Shida ni baiskeli tu. Nikiituma kwa basi wataing'oa magurudumu, wairushe kwenye buti la mizigo pamoja na magunia ya watu. Labda niiache."

Niliendelea kula. Lakini kati ya tonge moja na la pili nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitanunua keria, nitaifunga nyuma ya gari letu, ile Noah, na nitakupeleka mwenyewe, wewe na mizigo na baiskeli. Sikukwambia. Nilitaka siku moja uamke uikute.

Jumanne niliomba ruhusa kiwandani nikaenda mjini kwenye duka la vifaa vya magari. Mwenye duka ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Akaniuliza nataka ya juu ya paa, ya kufungwa kwa mikanda kwenye mlango wa nyuma, au ya kuchomekwa kwenye chuma cha kuvutia trela.

"Ile iliyo imara," nikamwambia.

"Basi ni ya kuchomeka. Sasa, kuna ya kutundika na ya kusimamisha. Baiskeli yenyewe ikoje?"

"Ikoje vipi?"

"Fremu yake, mzee. Ina bomba la juu lililonyooka, ama imeinama kama zile za akina mama? Tairi ni nene ama nyembamba? Ina uzito gani?"

Nafula, baiskeli hiyo imeegemea ukuta wa korido yetu miaka mitatu. Kila asubuhi naisukuma kwa nyonga ili nipite. Nilisimama pale dukani nikajaribu kuiona akilini. Nikaona rangi ya kijani. Nikaona kengele. Basi.

"Ni baiskeli ya kawaida," nikasema.

Yule mama alinitazama juu ya miwani. "Si umpigie mwenyewe umuulize?"

Nikasema hakuna haja. Nikachagua ya kutundika, ile yenye mikono miwili mirefu, tena ile inayobeba baiskeli nne, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Nyumba yenye baiskeli moja, nami nikanunua keria ya baiskeli nne.

Siku iliyofuata nikaipeleka Makadara kwa Fundi Odongo, yule mwenye gereji nyuma ya maduka ya mbao, anichomelee chuma cha trela chini ya gari. Aliinama akachungulia, akainuka akijifuta mikono. "Mzee, ungekuja na hiyo baiskeli tuipime. Unaona bomba la moshi limetokea upande huu? Nataka kujua gurudumu litakaa wapi."

"Wewe funga tu," nikamwambia.

Akafunga. Hakusema tena. Ukiniuliza, naona watu wengi niliokaa nao maishani walifanya hivyo hivyo. Walisema mara moja, wakanyamaza, nami nikadhani wamekubali.

Jumamosi asubuhi wenzako wa baiskeli walikuwa wanakungoja Ruai, mwendeshe pamoja mara ya mwisho kabla hujaondoka. Nikakuita ushuke. Nilikuwa nimeliosha gari mpaka matairi. Ulipofika chini ulisimama ukaitazama ile keria, ukatabasamu, halafu lile tabasamu likabaki mdomoni peke yake, macho yako yakihesabu.

"Baba, hii inashika bomba la juu," ukasema. "Yangu haina."

"Tutaifunga kwa kamba."

"Itachezacheza."

"Haitachezacheza. Leta."

Ukaileta. Nikapitisha mkono wa keria katikati ya fremu, ikalala upande kama mbuzi aliyefungwa sokoni, nikaizungushia kamba. Uliniomba, nakumbuka maneno yako, "Baba, tafadhali tuiondoe. Nitaiendesha tu mpaka huko, si mbali." Nikakujibu kwamba nimekwisha kufunga.

Tulikuwa hatujafika Njiru niliposikia harufu ya mpira ukiungua. Nilidhani ni takataka za kando ya barabara. Kisha mtu wa bodaboda akaja ubavuni akagonga kioo changu. "Mzee, simama! Tairi ya baiskeli inaungua!"

Nilikuwa nimepita matuta yote ya Kangundo Road, na kila tuta lilikuwa linaishusha baiskeli kidogo, mpaka gurudumu la nyuma likaja likakaa mbele ya bomba la moshi. Tairi lilikuwa limeyeyuka na kung'ang'ania pande zote. Kile kifaa cha gia kilikuwa kimegonga bampa mpaka kikapinda. Rangi ya kijani ilikuwa imekwaruzwa hadi chuma.

Hukupiga kelele. Ningependa ungepiga. Ulikata kamba kwa kisu cha muuza miwa aliyekuwa pale, ukaishusha, ukainua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja na kuanza kuisukuma kurudi nyumbani Umoja kwa gurudumu la mbele. Nilikuita uingie garini. Ulisema, "Wewe nenda, Baba." Nikageuza gari nikakufuata polepole, taa zikimetameta, watu wakitutazama, mpaka ulipokata ukaingia katikati ya vibanda vya mboga ambako gari halipiti.

Jioni nilikukuta kwenye korido umeipindua baiskeli juu chini, unakwangua mpira kwa kisu cha jikoni. Nikasema nitalipia kila kitu. Hukuinua kichwa. Ulisema maneno mawili tu: "Hukuniuliza, Baba."

Nilikwenda nikakaa kitandani. Si kwa sababu uliyosema yalikuwa makali. Niliyasikia kwa sauti nyingine, kwa sababu niliwahi kuambiwa hayo hayo kabla.

Ulikuwa na miaka sita tulipohama mtaa wa Jericho, na najua unachokumbuka ni kukaa juu ya magodoro ukiwa na furaha. Nikueleze kilichotokea. Mama yako alikuwa na maisha yake pale. Alikuwa anaimba kwaya, alikuwa anashonea wanawake wa mistari mitatu ya nyumba, na alikuwa na rafiki yake Mama Beti mlango wa pili, ambaye walikuwa wanaongea naye kupitia dirishani huku kila mmoja akipika kwake. Mimi niliona nyumba ni ndogo. Nikapata hii ya Umoja, yenye chumba cha pili, nikazungumza na mwenye nyumba, nikatafuta pikapu na wabebaji. Nilikuja nao adhuhuri. Mama yako alikuwa anakaanga kitunguu. Nikamwambia, "Funga vitu, tunahama leo." Nilitegemea atafurahi, Nafula. Naapa nilitegemea atanirukia.

Akazima jiko. Akatazama wabebaji mlangoni. Akasema, "Mwenye nyumba anajua. Dereva anajua. Hawa wanaume wanajua. Mimi najua saa hii."

"Ni nyumba nzuri," nikamwambia.

"Sijasema ni mbaya. Hukuniuliza."

Aliokota vitu vyake akafunga. Alisema mara moja, akanyamaza. Nami nikadhani amekubali.

Sijui vizuri nilikoitoa tabia hiyo. Kazini ndivyo nilivyofunzwa. Mashine ikilia vibaya hukai chini kumuuliza mtu, unaizima, halafu ndipo unaeleza. Nimekuwa fundi wa mitambo miaka mingi, na mara mbili mkono wangu umeokoa vidole vya watu kwa sababu sikungoja. Nikaja na mkono ule ule nyumbani. Nilinunua mapazia bila kumuuliza mama yako. Nilikuchagulia shule, nikakuhamisha, nikakurudisha. Alipotaka kwenda kusomea ualimu nilimwambia kwanza angoje, halafu siku moja nikaja na fomu nimeijaza mwenyewe, chuo nilichokitaka mimi. Alikwenda. Alisoma. Kila jema nililomfanyia nilimfanyia kama mtu anayesogeza kabati.

Siku aliyoondoka nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nilifika saa mbili asubuhi nikakuta cherehani na masanduku mawili mlangoni, na gari la mjomba wako limeegeshwa chini. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema Webuye, amepata shule ya kufundisha.

"Mbona hukuniambia?"

Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema, "Nimekwambia sasa."

Nimekuwa nikiwaambia watu miaka hii yote kwamba alinitoroka. Nilikwambia hata wewe. Si kweli. Alinifanyia mara moja nilichomfanyia tangu tuoane.

Baada ya ile Jumamosi ya tairi tulikaa karibu wiki nzima bila mazungumzo ya maana. Tuliambiana tu: Chai iko mezani. Nimetoka. Umeme umeisha. Alhamisi nilikuja mlangoni pako nikabisha. Uliponiambia niingie nilisimama hapo mlangoni nikiwa na ile futi ya kupimia mkononi kama mtu aliyekuja kutengeneza dirisha, nikakuuliza, "Baiskeli yako inahitaji nini?"

Ulinitazama kwanza kuona kama ni mzaha. Kisha ulizungumza, na sijui kama nimewahi kukusikia ukizungumza kwa urefu hivyo. Ukaniambia kwamba uliichagua yenye fremu iliyoinama kwa sababu utakuwa unavaa sketi za kazi, na vijijini hutaki akina mama wakuone unarusha mguu juu. Ukaniambia kwamba isishikwe kwenye fremu hata kidogo, ishikwe kwa magurudumu, isimame kama inavyosimama barabarani. Kwamba iwe mbali na moshi. Kwamba mlango wa nyuma wa gari uweze kufunguka, kwa kuwa mizigo itaingilia huko. Kwamba isifiche nambari ya gari wala taa za breki, na ikizificha tuweke nyingine nje yake. Ulikuwa umeyafikiria yote. Ulikuwa umeyafikiria tangu ile Jumapili ya barua, ukingoja mtu akuulize.

Tukaipima kwenye korido, wewe ukishika mwanzo wa futi na mimi mwisho. Kupima uzito tuliibeba hadi kwa muuza nafaka, kwenye ile mizani yake ya magunia, naye akacheka akatuuliza kama tunauza baiskeli kwa kilo. Wewe ulicheka sana. Mimi nilikuwa nakutazama.

Ni wakati tunarudi, umeishika upande mmoja na mimi mwingine, ndipo nilipokuuliza lile swali jingine. Nilikuuliza kwa nini hukwenda na mama yako wakati ule. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba hukuwa na la kusema, kwamba uliachwa hapa kwa sababu ya shule, kama viti vilivyoachwa.

"Mama aliniuliza," ukasema. "Wiki mbili kabla. Aliniambia nichague."

"Ukachagua kubaki?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Tulitembea mpaka kwenye lango la ploti yetu. Halafu ukasema, "Kama sisi wote tungeenda, wewe ungebaki na nani?"

Tuliipandisha baiskeli ngazi. Lakini nataka ujue nilikwenda bafuni nikafungua bomba la maji kwa nguvu, na ulinisikia ukadhani naoga. Miaka minane, Nafula. Mtoto wa miaka kumi na mitano aliulizwa swali la mtu mzima akalijibu kwa ajili yangu, na mimi katika miaka hiyo minane sikuwahi kukuuliza hata unapenda chai yako ikiwa na tangawizi au bila. Nilikuwa naitia tu.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda wote kwa yule mama wa miwani. Safari hii alizungumza na wewe, mimi nikawa mtu wa kubeba. Mkashika vyuma, mkavisukuma kuona kama vinatikisika, mkajaribu pini. Alituonyesha ya kusimamisha, ile yenye kijia cha kusimamishia magurudumu na mkono unaokuja kulibana gurudumu la mbele kwa juu. Inalala chini ukivuta kishikio, mlango wa nyuma unafunguka. Ulinitazama, nikaona umeipenda.

"Ziko za baiskeli moja na za mbili," akasema yule mama. "Ya ngapi?"

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuona baiskeli ya mtumba, nyeusi, inauzwa kando ya barabara pale Makadara. Nilikuwa nimepita kuitazama siku tatu mfululizo. Nilikuwa nimeikalia. Nilikuwa nimejipangia kwamba nitakuwa nakuja Webuye mwisho wa mwezi nayo, tuzunguke pamoja katika hivyo vijiji vyako, unionyeshe watoto walioongezeka uzito. Jibu langu lilikuwa limefika kwenye ulimi. Mbili.

Nikafunga mdomo. Nikakugeukia.

"Moja, Baba," ukasema. "Ile ya mbili ni nzito, na Fundi Odongo alisema tundu la kile chuma alichochomelea ni lile dogo. Halafu ni mimi tu mwenye baiskeli."

Kila ulichosema kilikuwa sahihi. Nikamwambia yule mama, "Moja."

Sikuandikii hili ili ujilaumu, na usianze kunitafutia baiskeli. Hukujua, na hukupaswa kujua, na hata ungejua, haki ya kusema moja ilikuwa yako. Nakuandikia kwa sababu pale dukani nilielewa kitu ambacho kilinipita miaka yote ya ndoa yangu. Nilikuwa nikidhani siulizi kwa sababu nina haraka, au kwa sababu najua. Kumbe nilikuwa naogopa. Asiyeuliza hajibiwi hapana. Nilifika umri huu bila mtu wa nyumbani mwangu kunijibu hapana, na nikajiona baba mwema. Hiyo ya dukani ndiyo ilikuwa ya kwanza, tena ndogo, ya chuma tu, na iliniuma mpaka tulipofika Jogoo Road. Lakini tulipofika nyumbani bado ulikuwa unaongea na mimi. Ulikuwa unaniambia habari za fundi atakayenyoosha gia. Hapana yako haikuniua, wala haikukuondoa.

Fundi Odongo aliifunga keria hiyo, baiskeli ikiwepo, akaishusha na kuipandisha mara nne kabla hajaridhika. Ile ya kwanza nimemwachia. Anasema ataikata atengenezee lango la mtu. Tuliijaribu mpya hadi Ruai na kurudi, nawe ukakaa kiti cha nyuma ukiitazama kupitia kioo kama mama anayetazama mtoto mgonjwa. Haikutikisika. Ulipiga makofi peke yako huko nyuma. Nilikuona kwenye kioo cha ndani.

Kuna jambo moja limebaki, na hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Jana mchana nilimpigia mama yako. Tumekuwa tukipigiana kwa mambo ya karo yako na misiba ya watu, basi. Jana nilimpigia kumuuliza. Nilimwambia nakuleta kesho kutwa, na kwamba gari lina mizigo mingi. Nikamuuliza kama ninaweza kufika mpaka nyumbani kwake, nishushe vitu, ninywe maji, niondoke.

Nikatazama simu kuona kama imekatika.

"Unaniuliza?" akasema.

"Nakuuliza."

Nilisikia kuku wake. Kisha akasema, na alisema kwa upole, nataka ujue hivyo, "Basi nakujibu. Hapana. Sina hasira na wewe, Baba Nafula. Lakini hii ndiyo nyumba ya kwanza niliyochagua mwenyewe, kuanzia dirisha mpaka kitasa. Sijawa tayari uione. Labda siku moja. Mlete mtoto hadi njia panda, mimi nitakuja na mkokoteni wa jirani."

Nikasema sawa. Kabla hajakata aliniambia, "Lakini asante kwa kuuliza." Nimekaa na hayo maneno tangu jana, sijui niyaweke wapi.

Kwa hiyo kesho tutaishia njia panda. Nakuomba usimsihi mama yako kwa ajili yangu tukiwa pale. Najua utataka. Utamwona amesimama, na utaniona mimi, na utataka kutupatanisha kwa dakika kumi kando ya barabara. Usifanye. Umefanya kazi ya kutushikilia tangu una miaka kumi na mitano, na mimi ndimi niliyekupa kazi hiyo bila kukuuliza. Kesho uiache hapo hapo. Shusha baiskeli yako, panda, nenda nyumbani kwa mama yako.

Nitarudi na kulala Eldoret. Jumatatu nina zamu. Usiniwazie kama mgonjwa. Nitajifunza kupika ugali wa mtu mmoja, ingawa najua nitakosea kipimo mara nyingi mwanzoni na kula kiporo. Chumba chako sitakigusa mpaka uniambie unataka kiwe nini. Nitakupigia Jumapili jioni ukipenda, na kama Jumapili jioni si nzuri kwako, utaniambia ipi.

Nasikia sauti yako huko chini, unamuaga mtu, nafikiri ni yule mama anayeuza mandazi. Nitaiacha barua hii chini ya mto wako, na sitakuuliza kama umeisoma. Lakini kuna swali moja nataka unijibu asubuhi, kabla sijawasha gari. Pale njia panda, ukishaketi kwenye baiskeli yako, unataka nibaki nimesimama mpaka upotee machoni, au unataka niondoke kwanza?

Mimi ninajua ninalolitaka. Wewe niambie unalolitaka, na ndilo nitakalofanya.

Ni mimi baba yako.